Mikato Chini ya Madigadi

Tairi mpya zilikuwa pana mno. Kila Frida alipokata usukani, zilisugua madigadi ya ile Pijo kuukuu ya baba yake.

“Nyembamba kama zile zilizopasuka sijaziona Dodoma nzima,” fundi alisema, akiwasha grenda. “Tukate huu ukingo, dada. La sivyo Jumamosi utakwenda kanisani na bajaji.”

Dada zake watano walipelekwa kuolewa kwa gari hili. Yeye, tangu amtaje mchumba wake, baba hajamsemesha. Hata ufunguo aliutungua mwenyewe msumarini.

“Kata, yaishe!”

Akashuka, akapitisha kidole chini ya ukingo kuaga ile mikato ya tupa. Kila alipokubali posa ya binti, baba alichonga mkato mmoja. Mmoja, miwili, mitano, yote imelika kwa kutu.

Kidole kikasogea mbele kidogo, kikachanika.

Frida akainama kuchungulia. Mkato wa sita ulikuwa mkali, unang’aa, hauna hata chembe ya kutu.

Grenda ilikuwa imeshafika. Akaufunika ukingo kwa kiganja chenye damu.

“Zima, fundi! Ngoja nikamuulize baba saizi.”