Mlango wa Chumba cha Nyuma

"Fundi, ungekuwa wewe ungeinunua nyumba hii?" mwanamke mjamzito aliuliza, kalamu mkononi.

Seremala alishusha msumeno. Mlango aliokuwa akiukata uligoma kufunga tangu ardhi ilipotitia na kumeza jiko la jirani. Asubuhi kaka yake, mwenye nyumba, alikuwa amemsihi: "Funga mdomo, mdogo wangu. Isipouzwa, wanangu wataendelea kulala juu ya shimo."

Sasa kaka alijichekesha. "Jibu, fundi! Au umeukata na ulimi?"

Seremala aliokota kipande alichokata, akakiweka kiganjani mwa yule mwanamke. Upande mmoja ulikuwa mnene kama kidole gumba, mwingine mwembamba kama kucha.

"Cha tatu hiki kukikata kwenye mlango huu mwaka huu," alisema bila kumtazama kaka yake. "Na mti ukishakuwa mlango haukui tena, dada."