Karani wa Dirisha la Meli

Metrine alipitisha mkono tena kwenye dirisha la tiketi ili amsalimu karani, na karani akainama tena chini ya meza kutafuta kalamu. Kalamu ilikuwa sikioni mwake.

"Huyu ana nini?" Metrine alimnong'oneza mumewe.

"Ana kazi," Elphas alisema. "Mwache."

Walikuwa wametoka Busia jogoo la kwanza, baba, mama na mabinti wawili, kuja stesheni ya Tororo kukata tiketi. Kaka yake Metrine alikuwa anaoa Mwanza. Wangepanda treni mpaka Kampala, halafu meli, usiku kucha ziwani, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kulala juu ya maji. Edah, yule mdogo, alikuwa ameshaanza mazoezi ya kuyumba. Loice, mkubwa, ndiye aliyewaongoza moja kwa moja hadi dirisha la mwisho. "La meli ni hili," alisema bila kuuliza mtu, na Elphas akajivunia kuzaa mtoto mwenye macho makali.

Ila macho hayo hayo ndiyo yaliyomnyima usingizi. Kila Loice alipokwenda kumtembelea shangazi yake hapa Tororo, alirudi akinukia sabuni ya duka na kucheka peke yake jikoni. Palikuwa na mwanamume. Elphas alimshuku dereva fulani wa lori la saruji. Kwa hiyo alikuwa ameapa: melini ni chumba kimoja, vitanda vinne, na yeye mwenyewe atalala kitanda cha mlangoni.

Metrine naye alikuwa ameapa: heri aende Mwanza akiogelea.

"Hawa wanalala kwa nyanya yao tangu walipopevuka," alisema sasa, hapo hapo dirishani, foleni nzima ikisikia. "Leo ndiyo waje wakusikie ukikoroma? Wewe, Baba Loice, uliyerukia shamba la mihogo na suti ya kanisani kwa sababu mama yangu alitokea njiani?"

Foleni ikacheka.

"Mama mkwe ni mama mkwe," Elphas alisema, bila aibu hata kidogo. "Ulitaka nikutane naye uso kwa uso kama mbuzi? Hiyo ndiyo adabu. Sasa huyo wa Loice, adabu atafundishwa na nani? Vijana wa siku hizi hawajui hata mkwe ni mtu gani."

Loice akapatwa na kikohozi. Karani akaangusha muhuri.

"Mzee," karani alisema, macho kayapeleka kwenye saa ya ukutani, "mwenye mabinti wakubwa namna hii hapewi chumba kimoja. Nakupa viwili, vinapakana. Cha wasichana kiko mwisho kabisa. Mwanamume hawezi kufika huko bila kupita mlango wako. Mimi mwenyewe sitaki... nasema, reli haitaki fujo."

Elphas akakuna kidevu. Bila kupita mlango wake. Akakubali.

Metrine alitamani kupiga vigelegele. "Asante, baba," alimwambia karani. "Na vyumba vina madirisha?"

"Mzee," karani aliiambia saa, "vyumba vina madirisha."

"Ni mimi niliyeuliza."

"Mzee, mwambie... vina na mapazia."

"Mama," Edah alisema, "huyu anaongea na saa."

Walitoka. Walikuwa wameketi kivulini nje ya ghala, wanamenya viazi vitamu walivyobeba kutoka nyumbani, Elphas alipopapasa kichwa na kukikuta kitupu. Kofia ilibaki dirishani.

"Naifuata mimi," Loice alisema, na tayari alikuwa amesimama.

"Kaa," Metrine alisema. "Naifuata mimi. Na yule karani atanisalimu leo, hata kama ni kwa saluti."

Akajifunga leso upya, kama mtu anayekwenda kupigana. Loice hakukaa. Alimfuata nyuma mbio mbio, "Mama, pole pole. Mama, ngoja kwanza," lakini Mama alikuwa hangoji. Njia ilipita kati ya ukuta wa stesheni na mifuko ya saruji iliyorundikwa kusubiri treni ya mizigo, nyembamba ya mtu mmoja. Metrine akaingia humo, hotuba imeiva mdomoni: mtu mzima anakupa mkono, wewe unatafuta kalamu, umezaliwa na nani?

Karani akatokea upande wa pili akikimbia, kofia ya Elphas mkononi, sare yake ya bluu imepigwa pasi hadi inameta. "Mzee, kofia!" alikuwa anaita. "Mzee!"

Akamwona Metrine.

Hakusimama, wala hakurudi nyuma. Aliruka. Aliiparamia ile mifuko kama paka aliyemwagiwa maji, mmoja ukapasuka, akatoweka nyuma yake, na wingu la saruji likapanda hadi juu ya paa. Kofia ikabaki kileleni. Ndani ya wingu ikasikika chafya, kisha kimya cha mtu aliyelala kifudifudi akiomba ardhi imfunike.

Metrine alisimama mdomo wazi, hotuba imemkaukia. Akaitazama kofia. Hapo vumbi likamfikia, na vumbi lile lilinukia sabuni ya duka. Akageuka. Loice alikuwa anachunguza kucha zake moja moja, kana kwamba ni za kuazima.

Taratibu Metrine akavuta leso, akajifunika kichwa na uso, akageukia ukutani.

"Loice," alisema kwa upole, "mwambie atoke humo kabla hajaganda. Mwambie sitazami."