Muujiza wa Ploti ya Mbugua

Mikono yote uani ilikuwa juu isipokuwa ya Beldina. Yake alikuwa ameikunja kifuani.

"Mama Vivian, tunangoja wewe tu," akasema Mzee Mbugua, mwenye ploti. Pale mtaani Lucky Summer wote walijua ahadi yake: wapangaji wakikubaliana wote bila hata mmoja kukataa, kanisa la mabati lililojengwa baada ya mvua ya El Nino lingehamishwa.

"Basi mtangoja sana."

Wekulo, aliyefanya kazi ya usiku kiwandani mtaa wa Baba Dogo, alikuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Dada, nyumba yako na kanisa ni ukuta mmoja! Ngoma zikianza, mimi huku mwisho najifunika mto kichwani. Wewe unaishije?"

"Naishi vizuri. Asante."

Njoki, jirani wa mlango wa pili, akashindwa kuvumilia. "Ai! Pasta amekuroga? Si alimwombea mtoto wako hapa hapa, sote tukiona, jasho likimtiririka? Mtoto akapona?"

"Hakupona."

"Ehe! Sasa huo muujiza wao uko wapi?"

"Upo. Mungu ameuleta, na nyinyi hamtaufukuza nikiwa hai."

Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kicheko kile kilimchoma Beldina, lakini afadhali afe kuliko kuwaonyesha. Wala hakuwa muumini wa kanisa lile. Kwao walisali katika dhehebu la Marafiki, watu wa kumngoja Mungu kimya, na hata sasa kelele zile zilimuumiza kichwa.

Pasta Opicho, mtu mpole, akajaribu kutuliza mambo. "Ndugu zangu, tusigombane. Tutaacha ngoma, tuimbe polepole."

Beldina akamgeukia kwa hasira kubwa kuliko aliyowaonyesha wengine wote. "Wee Pasta! Thubutu! Ngoma ni zile zile, na ile kubwa muipige mpaka ipasuke!"

Pasta akarudi nyuma hatua moja.

Mzee Mbugua alikuwa amechoka. "Mama, sikiza vizuri. Ukikataa, mwisho wa mwezi utafute nyumba kwingine."

"Kuna Jumapili mbili hapo katikati, Mzee. Hizo ni zangu."

Akaingia kwake, akaubamiza mlango.

Jumapili ilipofika, alimvua Vivian viatu, akamwacha asimame katikati ya chumba. Ngoma ilipoanza kulia upande wa pili na ukuta wa mabati kutetemeka, mtoto aliurukia, akabandika hapo viganja vyote viwili, kifua na shavu. Akafumba macho. Miguu ikaanza kucheza, haikosei hata pigo moja, na kicheko kikamtoka kwa nguvu.

Alikuwa na miaka sita, na tangu azaliwe hakuwa amewahi kusikia chochote, hata sauti ya mama yake.