Salamu ya Daktari wa Mbali

Kila asubuhi daktari wa mbali humsalimu mama kupitia kisanduku kilichofungwa kitandani: "Umeamkaje, mama?" Jibu lake ndilo hupanga kipimo cha dawa ya maumivu kwa siku nzima.

Leo nimesoma kumbukumbu za pampu inayomtilia dawa hiyo. Siku tisa saratani inamtafuna, na hata tone moja halijatoka!

"Mama, ulikuwa unamjibu nini?"

"Nimeamka salama. Mtu akikusalimu kwa adabu utamjibu nini tena, Skola?"

Nikampigia daktari simu, tayari kufoka. Sauti ileile ya kisandukuni ikapokea kwa upole. "Hujambo, dada?"

"Sijambo," nikasema.

"Tunashukuru. Tumeandika kwamba hapo nyumbani hakuna maumivu."

Simu ikakatika. Mama alikuwa ameuma shuka ili nisimsikie.