Mate ya Kinyonga

Zamani nungunungu hakuoa mpaka arithi shimo la baba yake. Lakini mganga Kinyonga alikuwa na mate yanayoponya kila ugonjwa. Mzee Nungunungu akaponywa mara arobaini, huku mwanawe Mwiba akiota mvi na mchumba wake aking'oka meno.

"Mganga, baba amekula chumvi nyingi," Mwiba akasema. "Kifo nacho ni haki yake, usimdhulumu. Hama pori hili."

Kinyonga akahama. Mzee akafa, Mwiba akarithi shimo, akaoa, akapata mtoto wa kiume. Mtoto akakua, na Mwiba akaanza kukohoa.

"Mwanangu, kimbia ukamrudishe mganga."

Mwanawe alikuwa mlangoni, akilipima shimo kwa hatua.

"Baba," akasema kwa upole, "kifo nacho ni haki yako. Siwezi kukudhulumu."