Ufa wa Mfalme

Muhuri wa kugongea sarafu ukipata ufa, ufa huo huzidi kurefuka, na kila sarafu hutoka ikionyesha umefika wapi. Kwenye sarafu kuukuu aliyoinunua mkaguzi juzi, ulikuwa bado shingoni mwa mfalme.

"Na hii ya marehemu baba," dada yake alisema, akimpa nyingine ya mwaka uleule.

Mkaguzi aliinamia kioo cha kukuzia. Ufa ulipanda shingo, ukapinda shavuni, ukaishia jichoni. Njia hiyo aliijua. Ndiyo iliyofuatwa na mstari mweusi usoni mwa baba, ambao madaktari walishindwa kuueleza.

"Kaka, una wino shingoni," dada alisema, akilowesha kidole kwa mate. "Tulia nikufute."

Alisugua. Akasugua tena. Kisha akaacha.