Kidole cha Kinue

Milango ya treni ilifungwa. Kinue alinyoosha kidole chenye glavu nyeupe, akakipitisha behewa baada ya behewa, kama afanyavyo kila asubuhi kabla ya kuiruhusu iondoke. Kwenye behewa la sita kidole kiligoma.

"We Kinue, piga filimbi!" alifoka mkuu wa stesheni, aliyekuwa ametoka kuwasukumia abiria ndani na sasa kaupa mlango mgongo. "Sekunde ishirini zimepotea! Unahesabu nini, nywele za watu?"

"Treni haiondoki, mkuu. Kuna koti limebanwa mlangoni."

"La mjinga gani tena?"

Kinue hakushusha kidole.

Mkuu alipiga hatua kumwendea kwa hasira, koti likamvuta nyuma.